Jinsi ya kuomba leseni ya kutafuta urani kwenye mito ya kale na maziwa makavu

Wengi hufika Nairobi wakiwa wameshachora ramani na kukodi gari, ndipo wanauliza sheria inasemaje. Anza na sheria. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliiweka urani kwenye orodha ya madini 14 ya kimkakati, na kwa Sheria ya Madini ya 2016 madini hayo yako mikononi mwa Shirika la Kitaifa la Madini. Iandikie wizara ya madini uulize utaratibu wa ubia na shirika hilo, usubiri jibu la maandishi. Usimpe broka hata shilingi.

Kampuni isajiliwe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Kisha ingia kwenye kadasta ya madini mtandaoni, yaani rejista ya maeneo ya leseni, uhakikishe eneo halina mwenye leseni tayari.

Kazi kubwa ni mpango wa utafutaji. Eleza kwa nini urani iwe hapo: maji yenye oksijeni huiyeyusha kutoka kwenye miamba kama graniti, huipitisha chini ya mchanga wa mto wa kale, na jua linapoyakausha, urani hukutana na vanadiamu na potasiamu ikabaki kwenye chokaa kama karnotiti, madini ya manjano. Ndivyo ilivyo Yeelirrie, Australia, na Langer Heinrich, Namibia.

Usiahidi kupima kwa kifaa cha mionzi peke yake. Miale ya gama kinayoisoma hutoka hasa kwa bismuthi-214, zao linalotokea urani inapojivunja polepole, si urani yenyewe. Kwenye mashapo yaliyotuama karibuni mazao hayo huenda hayajatosha, kifaa kikasoma kidogo kuliko kilichomo. Au urani imehama ikayaacha mazao yake, kikasoma zaidi. Tenga pesa za mashimo mafupi na za maabara.

Ukilenga uwanda kama Chalbi, Marsabit, ujue ardhi nyingi huko ni ya jamii, na ridhaa yao ni ya lazima. Kaeni na wazee, na muanze na habari za visima: maji yanayobeba urani huweza kuwa ndiyo yanayonyweshwa ngamia. Pimeni visima kabla ya kuchimba chochote, muwape matokeo kwa lugha yao.

Mambo ya mazingira yapelekwe NEMA, mamlaka ya mazingira. Leseni ya utafutaji haizidi miaka mitatu, kwa hiyo wasiliana mapema na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kuhusu kuhifadhi, kusafirisha na kupeleka sampuli nje ya nchi.