Damu kwenye sakafu ya udongo: namna ya kuikusanya na kuifikisha maabara

Damu mbichi ikifungwa kwenye mfuko wa nailoni mchana wa joto la Dodoma, inaanza kuoza mapema sana. Unyevu ukibaki ndani, bakteria na ukungu hula vinasaba (DNA), na mkemia akifungua mfuko anakuta harufu badala ya ushahidi. Kwa hiyo vielelezo vyote vya damu vya eneo la tukio vikaushwe kivulini, kisha vifungwe kwenye karatasi. Kiangazi cha huku kinasaidia, maana hewa ni kavu. Ila jua kali huvunjavunja vinasaba na upepo huleta vumbi, kwa hiyo anikia ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, si uani.

Majeruhi ahudumiwe kwanza, kielelezo kitasubiri. Baada ya hapo piga picha kabla hujagusa chochote: moja ya eneo zima, nyingine ya karibu yenye rula kando ya doa. Vaa glovu na barakoa, kwa sababu ukiongea juu ya doa mate yako yanaingia humo na vinasaba vyako vitaonekana maabara. Badilisha glovu kila unapohamia doa jingine. Hili linakera, na ndilo linalorukwa zaidi glovu zikiwa chache. Afadhali kukusanya madoa matatu kwa usafi kuliko kumi yaliyochanganyika.

Doa lililokauka kwenye saruji, bati au mlango halihitaji kukwanguliwa. Lowesha kijiti cha pamba kisafi kwa tone moja au mawili ya maji ya sindano, yale ya kwenye vichupa vya duka la dawa, kisha kizungushe juu ya doa huku ukikikandamiza kidogo. Pitisha kijiti cha pili kikavu hapo hapo kiokote kilichobaki. Ukimwaga maji mengi, damu inasambaa na kufifia. Chukua pia kijiti kingine kutoka sehemu isiyo na doa, pembeni kidogo, ili maabara ijue uso wenyewe una nini.

Sakafu ya udongo, hasa iliyopakwa samadi kama katika nyumba nyingi za tembe, ndiyo ngumu. Samadi imejaa bakteria, na mboji ina asidi zinazozuia kipimo cha vinasaba kufanya kazi hata damu ikiwa nyingi. Usichimbe. Tafuta ganda la damu iliyoganda juu, linyanyue kwa ncha ya kisu kisafi, uchukue udongo mdogo iwezekanavyo. Kina cha nusu sentimita kinatosha. Utandaze mwembamba juu ya karatasi nyeupe kivulini, kisha ukunje karatasi na kuitia kwenye bahasha ya kaki. Udongo wa kulinganisha uchukue kama mita moja kutoka hapo. Kisu kioshwe kwa jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kisha kisuuzwe vizuri, kwa maana jiki ikibaki itaharibu vinasaba vya doa linalofuata.

Panga usilifute wala kulifunga kwa kitambaa. Pamba ya kwenye bapa lake inatafuta damu ya aliyekatwa, na ya kwenye mpini inatafuta ngozi na jasho la aliyelishika. Ni vijiti viwili tofauti, bahasha mbili. Nguo zitandazwe, ziwekewe karatasi safi kati ya mikunjo ili doa lisihamie upande wa pili.

Wengine hutaka kujua palepale kama ni damu. Kipimo cha fenolftalini, kemikali inayogeuka rangi ya waridi, hufanywa kwenye karatasi iliyogusishwa doa, si kwenye doa lenyewe: tone la ethanoli, tone la fenolftalini, kisha la haidrojeni peroksaidi. Rangi hiyo ikitokea kabla ya peroksaidi, matokeo hayafai. Ikitokea sekunde chache baada yake, huenda ni damu, lakini damu ya mbuzi nayo hutoa rangi ileile, na baadhi ya mimea na kutu vinaweza kudanganya. Usiandike “damu ya binadamu” kwa kipimo hiki.

Aliyebakwa asioge, asifue nguo, na awahishwe hospitali: dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na ushahidi mwilini hupungua kila saa. Sampuli zake huchukuliwa na mtaalamu aliyeidhinishwa.

Damu ya kulinganisha, inayotolewa mshipani mwa mtu anayejulikana, iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi bila kutikiswa, na isafiri kwenye kisanduku cha baridi cha chanjo bila kugandishwa. Vielelezo vilivyokauka havihitaji barafu. Matone yake yatavilowesha upya.

Usilambe gundi ya bahasha. Funga kwa selotepu, saini juu ya mshono, andika namba, mahali, tarehe, saa na jina lako. Kila anayepokea hadi Maabara ya Mkemia Mkuu aandike saa ya makabidhiano. Bahasha ikichanika njiani kutoka Mpwapwa au Kondoa, usiifungue kuitengeneza: itie nzima ndani ya bahasha kubwa, eleza kwenye fomu ya makabidhiano ilichanika lini na ilikuwa mkononi mwa nani.