Pikipiki kwenye milima ya Alpi: maandalizi ya safari ya kiangazi

Kiangazi cha Alpi ni kifupi. Vipito virefu, yaani barabara zinazovuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja hadi jingine, hufungwa na theluji miezi mingi. Vingi hufunguliwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, na Oktoba huanza kufungwa tena. Stelvio nchini Italia (mita 2,757) na Col de l'Iseran nchini Ufaransa (mita 2,764) ni kati ya vinavyochelewa. Ukienda mapema Juni, kila siku iwe na njia ya pili inayopita chini. Muda tunaoupendekeza ni mwisho wa Juni au nusu ya kwanza ya Septemba. Agosti, hasa karibu na tarehe 15 ambayo ni sikukuu, barabara hufurika magari na nyumba za wageni hujaa.

Hesabu kwa saa, si kwa kilomita. Milimani wastani wa mwendo ni kilomita 40 hadi 50 kwa saa, kwa hiyo kilomita 250 zenye vipito vitatu vinne ni kazi ya siku nzima. Ondoka asubuhi na mapema: radi na mvua ya mawe hupenda kuanza alasiri, na kipito cha juu kabisa kinafaa kiwe nyuma yako kabla ya saa nane mchana.

Pikipiki yenyewe

Fedha ya maandalizi ianzie kwenye breki na tairi. Vifaa vya kielektroniki vinaweza kungoja.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishashiba maji kiwango cha kuchemka kinaweza kushuka hadi karibu 155. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa na abiria na mizigo, joto la diski huhamia kwenye kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, maji hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Unavuta mkono wa breki unaugusa usukani, pikipiki haipungui mwendo. Kama mafuta yana zaidi ya miaka miwili, yabadilishe mbele na nyuma, na toa hewa yote. Pedi zikibaki milimita 2 au chini, weka mpya kabla ya kuondoka, kisha zizoeshe kwa kilomita mia mbili hivi za kufunga breki taratibu.

Tairi kisheria linaweza kuwa na kina cha milimita 1.6, ila ukianza safari chini ya milimita 3 utatafuta fundi wa tairi katikati ya ziara. Angalia pia mwaka wa kutengenezwa: tarakimu nne ubavuni huonyesha wiki na mwaka. Pima upepo tairi likiwa baridi, na tumia namba za kitabu cha pikipiki za mzigo kamili. Pikipiki kubwa nyingi za safari huhitaji takribani baa (kipimo cha shinikizo la hewa) 2.5 mbele na 2.9 nyuma.

Pakia mizigo yote kwanza, halafu ndipo urekebishe. Kaza springi ya shokamzoba ya nyuma, maana mkia ukizama usukani huwa mzito kwenye kona na taa humulika angani. Pima ulegevu wa cheni ukifuata kitabu, na ipake oili kila kilomita 500, pia jioni ya siku ya mvua. Vitu vizito vikae chini na karibu na kiti. Boksi la juu la nyuma ni la koti la mvua na mkate, si la kufuli na vifaa vya ufundi, kwani uzito huko hufanya usukani uyumbe.

Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mfumo wa sindano, unaopuliza mafuta kwa kompyuta, hujirekebisha. Kabureta hainyonyi hewa ya kutosha, hivyo injini huunguruma vibaya na kula mafuta zaidi. Ukishuka hupona yenyewe, usianze kugusa skrubu.

Mavazi

Joto hupungua takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Bonde la Prato, chini ya Stelvio, likiwa na nyuzi 28, kileleni Stelvio tegemea 16, na upepo juu yake. Tabaka ndiyo dawa: fulana inayokauka upesi, sweta jembamba, koti lenye kinga za viwiko, mabega na mgongo, kisha suti ya mvua unayoweza kuvaa bila kuvua buti. Beba glavu jozi mbili. Ufaransa glavu zenye alama ya CE (ya viwango vya Ulaya) ni lazima kisheria, pamoja na fulana ya kung'aa iliyo karibu. Austria inadai kisanduku cha huduma ya kwanza hata kwa pikipiki.

Stika, ada na karatasi

Barabara kuu za Uswisi zinahitaji stika ya mwaka ya kulipia barabara, faranga 40, kwa pikipiki sawa na gari. Inauzwa pia kidijitali, imefungwa na namba ya usajili. Ukikamatwa bila stika, faini ni faranga 200 pamoja na bei ya stika. Austria na Slovenia nazo zina stika za muda mfupi. Italia na Ufaransa hulipisha kwa umbali. Barabara za milimani za Grossglockner na Timmelsjoch, Austria, zina ada zao, hazimo kwenye stika, na usiku hufungwa. Anayepita Brenner, kipito kati ya Austria na Italia, anaweza kukwepa ada kwa kufuata barabara ya zamani, B182, ambayo ni nzuri zaidi pia.

Tirol, jimbo la Austria, ina jambo linalowashtua wengi. Kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 31 Oktoba, baadhi ya barabara za wilaya ya Reutte zimepigwa marufuku kwa pikipiki zenye kelele, inayopimwa pikipiki ikiwa imesimama, inayozidi desibeli 95. Kinachohesabiwa ni namba iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili, mstari U.1, kwa hiyo ekzosi ya kiwandani haikuokoi.

Zima tahadhari za kamera za mwendo kwenye simu ukiingia Uswisi, ni kosa. Nje ya miji huko kikomo ni kilomita 80 kwa saa, na faini hazina huruma. Beba bima inayotambulika nchi zote za njia yako, na ujue namba ya siri ya kadi ya benki, kwa sababu vituo vingi vya mafuta havina mhudumu. Livigno, eneo la Italia lisilo na ushuru, ni mahali pazuri pa kujaza tangi.

Kona na mteremko

Upande wa Prato wa Stelvio una kona 48 za kujikunja, zilizopewa namba. Chagua gia kabla ya kona, ya kwanza au ya pili. Ingia upande wa nje, geuza kichwa mpaka uone njia ya kutokea, shikilia mafuta bila kubadilisha, na gusa breki ya nyuma kidogo kutuliza pikipiki. Usikamate klachi katikati ya kona. Anguko la kawaida hutokea kona ya kulia ya kupanda: mwendo unaisha, injini inazima, mguu wa ndani unatafuta ardhi iliyo chini zaidi ya ulivyotarajia, na pikipiki inalala.

Ukishuka, tumia gia ileile ambayo ungepandia. Breki ifungwe kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachiwa, isiburutwe kilomita nzima. Kichwa na mabega visivuke mstari wa kati, basi laweza kutokea. Uswisi, penye alama ya bluu yenye tarumbeta ya njano, basi la posta lina haki ya kwanza na dereva wake akikuelekeza, tii. Ogopa pia kinyesi cha ng'ombe, vyuma vya kuzuia mifugo barabarani na viraka vya lami vinavyolainika kwa jua.

Dharura ni 112 kote. Kwa helikopta ya uokoaji Uswisi, Rega, piga 1414. Andika jina la kipito na namba ya kona unayoiacha, maana hiyo ndiyo anwani watakayokuuliza.