Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Ghuba ya Lutembe

Somo lianzie darasani. Mtoto wa Kampala aliyezoea kuona kinamasi kikijazwa kifusi aelezwe kwanza kwamba kinamasi cha Nakivubo huchuja majitaka ya mji kabla hayajafika Ghuba ya Murchison, ambako mtambo wa Gaba huvuta maji anayokunywa nyumbani. Akishajua hilo, atakuwa na maswali ya kumuuliza mwongozaji.

Lutembe, ghuba ya Ziwa Victoria iliyo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2006, itembelewe kati ya Novemba na Februari, wakati ndege aina ya buabua waliokimbia baridi ya kaskazini wamejaa. Ombeni ruhusa mapema. Vaeni viatu vya mpira. Mikono isichezee maji, kwa maana kichocho kipo Ziwa Victoria.

Linalodharauliwa zaidi ni saa ya kurudi. Ghuba hii karibu yote imetengwa na ziwa kuu kwa kisiwa cha mafunjo, na mafunjo huelea: mizizi yake imesukana yenyewe kwa yenyewe bila kushika udongo wa chini, kwa hiyo upepo ukivuma, kipande humeguka na kwenda kuziba njia ya mitumbwi. Kundi moja nililoandamana nalo lilichelewa kuondoka mjini, likaingia majini karibu na saa sita, na tulipogeuka kurudi njia tuliyojia haikuwapo tena. Mwendesha mtumbwi alikata kwa panga, lakini chini ya kila shina alilokata kulikuwa na fungu la mizizi nene kuliko mkono wake. Maji ya kunywa yalikuwa yamebaki kwenye basi. Mwalimu mmoja, akiona zulia lile la kijani limetulia, aliinua mguu ili akanyage na kusukuma. Mwongozaji alimvuta kwa mkanda wa jaketi la kuokolea maisha, kisha akachomeka upondo mahali pale pale, ukazama wote. Tulitoka jioni, watoto wawili wakitapika kwa jua.

Basi ingieni majini saa mbili asubuhi, kila mtumbwi uwe na maji yake, kofia, panga na simu yenye chaji, na jaketi zipimwe kwenye miili ya watoto wenyewe nchi kavu, kwani za watu wazima huwavuka kichwani. Aidha, wahesabuni watoto kabla ya kupanda na baada ya kushuka, na dereva asiondoke na basi kwenda kula mbali.