Unajibana na uzito unapanda? Usiache dayati kwanza, hayo ni maji

Jumatano mizani ilisema 82.1, Alhamisi asubuhi unapanda inasema 83.6 na wala hujakula ovyo. Inauma sana, najua, na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa. Lakini piga hesabu hii: kilo 1 ya mafuta ina kama kalori 7,700, kwa hiyo kuongeza kilo moja na nusu ya mafuta usiku mmoja ungekula kalori zaidi ya 11,000 juu ya zile mwili unazotumia. Haiwezekani.

Mara nyingi ni chumvi, ukila chakula chenye chumvi nyingi jioni mwili unashika maji, asubuhi pete inabana na soksi zinaacha mistari miguuni. Halafu kuna wanga. Mwili unauhifadhi kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu 1 inakaa na kama gramu 3 za maji, ndo maana wiki ya kwanza ya dayati watu wanashuka kilo mbili chap wakidhani yote ni mafuta, na siku wakirudia wanga kidogo uzito unarudi wanachanganyikiwa. Mazoezi mapya pia, misuli ikiuma inakuwa imeshika maji siku kadhaa. Wanawake siku za kabla ya hedhi kushika maji ni kawaida kabisa. Na kama hujapata choo siku mbili, huo nao ni uzito.

Sasa fanya hivi. Pima kila asubuhi ukitoka chooni, hujala hujanywa kitu, mizani ileile, iwe kwenye sakafu ngumu sio juu ya zulia. Andika namba halafu endelea na siku yako. Mwisho wa wiki jumlisha zote 7 gawanya kwa 7. Mfano 82.4, 82.9, 82.1, 83.6, 82.8, 82.0, 81.8, wastani unakuja 82.5. Kama wiki iliyopita wastani ulikuwa 83.1 basi umepungua, hata kama ile Alhamisi ilikuliza. Kwa wanawake linganisha wiki hii na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita, sio ya juzi.

Tafadhali usiache kunywa maji, na usimeze vidonge vya kukojoza au vya kuharisha ili namba ishuke, unajiumiza bure na mafuta yako palepale. Ila ukibonyeza mguu kwa kidole pakabaki shimo, au mguu mmoja tu umevimba, au pumzi inakata, hiyo sio ya dayati, nenda hospitali leo.

Wastani ukigoma wiki nne mfululizo, hapo ndo uangalie sahani upya, anza na mafuta ya kupikia na vinywaji vya sukari maana ndo vinavyosahaulika kuhesabiwa.