Mwaka wa kilimo hai Uluguru: anza na mboji wakati wa kiangazi

Kwenye miteremko ya Uluguru, Morogoro, mwaka wa shamba dogo la kilimo hai huanza Juni, masika yakishakatika. Asiyetumia mbolea ya viwandani lazima atengeneze yake mwenyewe, na mboji huchukua kama miezi mitatu kuiva. Ukitaka ya kupandia vuli mwezi Oktoba, lundo liwe limepangwa kabla Julai haijafika kati.

Chagua kivuli, karibu na maji, upande wa juu wa shamba ili mzigo ubebwe kwa kushuka. Upana uwe mita 1.5, kimo vilevile, urefu kadiri ya malighafi. Lundo la chini ya mita moja halishiki joto, usihangaike nalo. Chini kabisa panga mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, sentimita 20, ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu sentimita 15, mabichi sentimita 10, samadi ya mbuzi au kuku sentimita 5, kisha udongo wa juu wa kufunika tu. Rudia hadi kimo kifike. Kwa majani mabichi, alizeti pori haina mpinzani: imejaa kandokando ya njia, ina naitrojeni nyingi na huoza upesi. Majivu nyunyiza kidogo. Yakizidi huifukuza naitrojeni ya samadi hewani.

Mwagia maji kila tabaka, si mwishoni tu. Kamua konzi ya majani: yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Funika kwa majani ya migomba, kisha chomeka fimbo ndefu kwa mshazari hadi katikati ya lundo.

Siku ya nne chomoa fimbo. Ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi, maji au majani mabichi ni machache. Ikitoka kavu yenye unga mweupe, lundo lina kiu. Harufu kali ya mkojo maana yake samadi imezidi: geuza ukichanganya makavu zaidi. Hata lisipokuwa na tatizo, geuza baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine, ya nje yakiingia ndani.

Usitie magugu ya ndago wala sangari. Kingoni mwa lundo hakuna joto la kuziua. Chunga pia samadi ya ng'ombe waliolishwa nyasi zilizopuliziwa dawa ya magugu. Baadhi ya dawa hizo hupita tumboni mwa ng'ombe na kwenye lundo bila kuisha nguvu, kisha nyanya na maharage hukunjamana majani.

Agosti na Septemba ni miezi ya makinga maji, yaani mitaro na matuta yanayokata mteremko kwa usawa ili maji yasibebe udongo. Tafuta usawa kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa kileleni, mtambuka katikati, na uzi wenye jiwe. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mtambuka, badilisha miguu nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Ukichimba, udongo wa juu utenge pembeni na urudishe juu. Matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni hapa Uluguru yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, na wakulima walioyapinga mwaka 1955 walikuwa na hoja. Kingoni panda nyasi za mabingobingo, ambayo pia ni chakula cha mbuzi.

Vuli ni ya mboga za majani. Ndoo ya lita 20 ya mboji hutosha mita 2 za mraba za tuta. Masika panda mahindi, sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, konzi mbili za mboji chini, na maharage katikati ya mistari. Nyanya usizipeleke masika, ugonjwa wa bakajani utazimaliza. Zipande Juni kwa maji ya kumwagilia.

Hapo tena kuna kantangaze, kiwavi wa nondo anayechimba majani na matunda ya nyanya. Usipande nyanya palipotoka viazi mviringo, bilinganya au nyanya chungu. Kagua majani mara mbili kwa wiki, yenye mabaka ya kuchimbwa yatoe, yafunge kwenye mfuko wa plastiki uuache juani siku kadhaa. Kuyatupa pembeni ya shamba ni kumhamisha mdudu hatua tano tu. Kwa dawa ya kumpulizia, saga gramu 50 za mbegu kavu za mwarobaini kwa kila lita ya maji, loweka usiku mzima, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, tumia siku hiyohiyo. Puliza jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu. Mwarobaini haustawi huko juu kwenye baridi, hivyo mbegu agiza bondeni mapema.

Mwenye nia ya kuuza kwa alama ya Kilimohai, inayofuata kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichoanza 2007, aandike kila kinachoingia shambani: mbegu, samadi na ilikotoka, dawa za asili na tarehe. Jirani akipuliza sumu, acha ukanda wa mabingobingo mpakani na chimba mtaro upande wa juu, maji ya shamba lake yasiingie kwako.