Jifunze koo na sikio kwa vidole vyako mwenyewe

Wanafunzi wengi wanakariri mchoro wa koo kama sala, afu ukimwambia hebu nionyeshe kwako liko wapi anashika kidevu. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, kwenye mtihani wa mdomo nilibaki nimetoa macho tu. Kwahiyo leo weka daftari pembeni.

Kaa wima, shingo usiikaze. Weka kidole cha shahada chini ya kidevu, katikati kabisa, uteremke polepole. Kitu kigumu cha kwanza ni mfupa wa haioidi, huo haujaungana na mfupa mwingine wowote, umening'inia kwa misuli na kano tu. Teremka tena, kidole kitaingia kwenye kibonde cha umbo la V, huo ndo ukingo wa juu wa gegedu (mfupa laini) la thairoidi, yaani koromeo lenyewe. Kwa wanaume linachomoza maana bamba zake mbili zinakutana kwa kona kali, kama digrii 90 hivi, kwa wanawake kona ni pana, karibu 120, ila wote tunalo jamani, msidanganyane.

Chini ya koromeo kuna kishimo laini, afu unagonga pete ngumu, hiyo ni gegedu la krikoidi. Rudisha kidole kwenye kishimo, usibonyeze sana (na pembeni mwa shingo usikandamize kabisa, kuna mishipa mikubwa ya damu inaenda kichwani). Sasa imba "aaa" nzito kama ya mzee, upandishe taratibu mpaka sauti ya kitoto. Umeona kishimo kinavyojifunga? Magegedu mawili yanasogeleana kwa mbele, nyuzi za sauti zilizojificha nyuma ya koromeo zinavutwa, zinakazika kama nyuzi za gitaa. Mimi siku ya kwanza nilirudia mara kumi, nyumbani wakadhani naumwa. Kishimo hichohicho ndo daktari anakitoboa njia ya hewa ikiziba juu na hakuna namna nyingine.

Haya, meza mate kidole kikiwa palepale. Zoloto lote (kisanduku cha sauti, ndo hayo magegedu uliyoyashika) linapanda, kidakatonge, kile kifuniko chake, kinalalia mlango wa njia ya hewa ili ugali usiende kwenye mapafu. Ila sikiliza na masikio pia, kuna kimlio kidogo, "tk". Huo ni mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikio la kati, unafunguka unaingiza hewa. Ukiwa kwenye basi mnashuka Kitonga masikio yakaziba, dawa ndo hiyo, kumeza mate au kupiga miayo.

Ndani ya sikio kidole hakifiki na usijaribu, tundu lina kama sentimita 2.5 mpaka kwenye ngoma, nyuma yake kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku ni kama milimita 3 tu, ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Ila unaweza kuviburudisha. Funga mdomo, vuma "mmmm", afu ziba sikio moja kwa kukandamiza kile kinundu cha mbele. Sauti inahamia upande ulioziba! Wengi wanategemea kinyume. Ni kwamba sauti yako inafika sikioni kwa njia mbili, hewani na kwenye mifupa ya kichwa, ukiziba sikio, ile ya mifupa inakosa pa kutokea inajaa humohumo. Ndo maana voisi noti yako ukiisikia unaona kama ya mtu mwingine, imebaki ya hewani peke yake, ile ambayo sisi wengine tunaisikia kila siku.

La mwisho. Kuna watu wakiguswa ndani ya tundu la sikio wanakohoa. Neva (mshipa wa fahamu) moja, vagasi, inatuma tawi kwenye ngozi ya tundu la sikio na matawi mengine kwenye zoloto, ubongo unachanganya habari. Kwahiyo daktari akikuchungulia sikio ukakohoa usione aibu, koo lako ni zima.