Kukoka moto kwa vipande vya paini na saiprasi

Hapa Mombasa mtu akipewa gunia la mabaki kwa fundi seremala anatia vyote jikoni kama kuni za mvinje, halafu moto unawaka kwa fujo, unazima maharagwe hayajaanza hata kuchemka na sufuria imekuwa nyeusi tititi. Jamani paini na saiprasi ni mbao laini, kazi yake kukoka moto, kupikia tafuta mvinje au vifuu.

Kabla ya yote chambua, na hapa nakuomba usifanye haraka. Chenye rangi au vanishi weka kando, plaiwudi na MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) pia sababu ya gundi, na kile cha kijani kijani cha mbao iliyotiwa dawa usikiguse kabisa, mara nyingi ile dawa ina shaba, kromiamu na aseniki, ukichoma sumu inabaki kwenye moshi na jivu. Paleti, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, angalia muhuri, HT imepitishwa joto, hiyo sawa bora iwe safi, MB imepigwa gesi ya methili bromaidi, iache. Mimi gunia moja sikulichambua, kumbe mna vipande vya mlango uliopakwa rangi, watoto wakakohoa jioni nzima na chai tukaimwaga, sikuhizi namwaga lote chini naangalia kimoja kimoja.

Kupasua, chukua kipande cha shubiri moja, kisimamishe, weka makali ya panga kichwani ukifuata nyuzi za mbao kisha gonga panga kwa gogo, usilirushe panga hewani huku mkono umekishika. Unene wa kidole kidogo unatosha. Ukikuta paini yenye fundo usitupe, pale utomvu umejaa, unang'aa kama asali na unanata vidoleni, ukikitia kiberiti kinashika kama utambi.

Anika juani, halafu vipange juu ya mawe, bati juu tu, ubavuni pawe wazi upepo upite, hasa masika manake unyevu wa huku unaujua. Gonga viwili, vikilia ko ko vimekauka.

Kuwasha ni maranda chini, vijiti juu vipishane hewa ipite, kiberiti kwa chini, vikishika tia vifuu vitatu vinne ndio ufuatishe mvinje, na sufuria isubiri ule moshi mweusi uishe. Na tafadhali usikokee chini ya paa la makuti, mbao hizi zinarusha cheche.